Nani amekukataa? Kosa la 403 kwenye ukurasa wa kuingilia waifai

Kosa la 403, namba ambayo seva (kompyuta inayotoa kurasa) huitoa inapokataa ombi lako, limepewa sifa mbaya isiyolistahili. Mtu akinipigia na kuniambia "waifai haifunguki", sina pa kuanzia. Huenda ruta imezimwa, huenda bando limekwisha, huenda amesahau kuwasha waifai kwenye simu. Lakini akiniambia kioo kimeandika 403, nashukuru kimoyomoyo, maana mengi nimeshayajua kabla sijapanda bodaboda: simu imepata mawimbi, imepewa anwani, imeifikia seva, na seva iko hai, imelisoma ombi, imejibu. Imejibu hapana, lakini imejibu. Kilichobaki ni kujua ni nani hasa ndani ya mashine ile aliyesema hapana.

Hapa Mtwara msimu wa korosho ndio msimu wa simu za namna hiyo. Minada ikianza Oktoba, gesti zinajaa wanunuzi, madereva wa malori, na makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, walioshuka kutoka Newala na Tandahimba na hesabu zao za stakabadhi ghalani. Kila mmoja ana simu, wengine mbili, na wote wanataka intaneti saa zile zile za usiku. Siku hizi gesti nyingi hazibandiki tena nywila moja ukutani. Unapewa vocha mapokezi, simu inakuletea ukurasa wa kuingilia, unaandika namba, unapita. Ukurasa ule ukigoma, wapangaji wote wanahamia mapokezi na malalamiko yao.

Gesti ninayotaka kuisimulia iko Shangani. Mwenye nayo ni mama mtu mzima, na nilipomwamkia aliitikia "marahaba mwanangu" huku akinielekeza kwa kidevu kwenye kundi la watu waliokuwa wamezunguka meza ya mapokezi. Kila kioo kilikuwa na maneno yale yale: Forbidden, na chini yake sentensi ya Kiingereza inayomwambia mgeni kwamba hana ruhusa ya kukifikia anachokitaka. Karani mmoja alikuwa ameshika risiti mkononi. "Nimelipa chumba, nimelipa na waifai," akasema. "Sasa hii inaniambia sina ruhusa. Ruhusa ya nani tena?"

Lilikuwa swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa jioni ile. Kijana wa mapokezi alikuwa amekwisha kuchapa vocha mpya kwa kila aliyelalamika, na ruta alikuwa ameizima na kuiwasha mpaka mama akamkataza. Vocha haikuwa na hatia yoyote. Ule ukurasa wenye kisanduku cha kuandikia namba ya vocha ulikuwa haujatokea kabisa, na vocha haiwezi kukataliwa na mtu ambaye hajaombwa aitazame.

Ili tuelewane, inafaa kujua simu inafanya nini yenyewe kabla hujaigusa. Ikishajiunga na waifai, inajaribu njia. Android inaomba anwani moja ya Google inayoishia na generate_204, na inategemea jibu tupu lenye namba 204. iPhone inaomba ukurasa ulioko captive.apple.com na inategemea kuona neno Success. Windows inatafuta faili liitwalo connecttest.txt. Kifaa kinacholinda mtandao wa gesti kinayanasa maombi haya njiani na kujibu kwa 302, yaani nenda kwanza kwenye ukurasa wetu. Simu ikiona imejibiwa kitu tofauti na ilichotegemea, inatambua kwamba kuna lango, ndipo inapokurushia ile taarifa ya kukutaka uingie kwenye mtandao.

Angalia, maombi hayo ya majaribio huenda kwa HTTP ya kawaida, ile isiyo na S. Ndiyo maana yananasika. Ombi la HTTPS, lililofungwa kwa siri na kuthibitishwa kwa cheti cha tovuti, haliwezi kunaswa na kugeuzwa bila kivinjari kupiga kelele, kwa sababu kifaa cha gesti hakina cheti cha Facebook wala cha benki yako. Mgeni asiyesubiri ile taarifa, akafungua moja kwa moja ukurasa wa benki, ataona onyo la cheti na kudhani gesti ina wezi. Tovuti nyingi kubwa, tangu kanuni ya HSTS ilipotoka 2012, huviambia vivinjari visikubali kabisa kuingia kwake bila HTTPS, kwa hiyo hata kile kitufe cha kulazimisha hakitokei. Na kinapotokea, tafadhali usikibonyeze. Andika neverssl.com kwenye kivinjari, tovuti iliyotengenezwa makusudi ibaki bila HTTPS, na lango litapata kitu cha kunasa.

Nikiwa hapo hapo: lango lijibu 302, si 301. Kivinjari hukumbuka 301 kama uhamisho wa kudumu. Nimeona mtu ameondoka gesti, yuko kwenye basi la Dar, na kila akifungua tovuti fulani kivinjari kinamrudisha kutafuta ukurasa wa lango la gesti ambao hawezi kuufikia tena. Kuna namba 511 iliyotungwa rasmi mwaka 2012 kwa ajili ya malango haya, lakini 302 ndiyo utakayokutana nayo karibu kila mahali.

Basi, tangu simu hadi ukurasa kuna wengi wanaoweza kukataa, na kila mmoja ana namba yake. Ukibisha hodi ukajibiwa 401, umeulizwa wewe ni nani. Ukijibiwa 403, umesikika vizuri na umeambiwa huingii. 404 ni kwamba unayemtafuta hakai nyumba hii. Ukiona 502 au 504, aliyekufungulia mlango hana neno na wewe, ila aliyemtuma ndani ama kamletea jibu lisiloeleweka ama hakurudi. Fundi anayezichanganya namba hizi atatumia usiku mzima kubadilisha nywila za watu kwa tatizo ambalo halihusiani na nywila.

Mashine ya gesti ile ni kompyuta ndogo chini ya meza ya mapokezi, ina Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, na ukurasa wa kuingilia unatolewa na Apache, programu ya kutoa kurasa za wavuti. Jambo la kwanza nililolifanya halikuwa kubadilisha kitu. Nilifungua logi mbili, yaani daftari ambamo seva huandika kila kinachotokea, access.log na error.log, zote zinakaa /var/log/apache2, nikaziacha zikitiririka kwa amri ya tail -f, nikamwomba karani ajaribu tena. Hatua hii naipenda kwa sababu moja ambayo wengi hawaifikirii. Ombi lako likionekana kwenye access.log na namba 403 pembeni yake, jibu hilo limetoka kwa Apache au kwa programu iliyo nyuma yake. Lisipoonekana kabisa, aliyekukataa ni mwingine: labda kifaa cha lango, labda seva nyingine iliyotangulia mbele, labda hata ulichokiona kwenye kioo kilitoka kwenye kache ya kivinjari, nakala ya zamani iliyohifadhiwa. Watu wanahariri faili za mipangilio ya Apache kwa makosa ambayo Apache hana habari nayo.

La karani lilionekana. Kwenye error.log palikuwa na msimbo AH00035, na maneno yake ya mwisho yanasema kwamba ruhusa ya kupita imekosekana kwenye sehemu mojawapo ya njia. Si kwenye faili lenyewe, kwenye njia.

Kwenye Linux faili halisomeki kwa sababu tu lenyewe limeruhusiwa kusomwa. Kila folda iliyoko juu yake, tangu mzizi, lazima impe msomaji ruhusa ya kupita, ile herufi x. Apache kwenye Ubuntu hufanya kazi kwa jina la mtumiaji www-data, na www-data akizuiwa kwenye folda moja tu katikati ya njia, kilichoko chini yake chote hakimfai hata kikiwa wazi kiasi gani. Amri ya kuliona hili ni namei -l ikifuatiwa na njia nzima ya faili. Inapanga kila hatua kwenye mstari wake pamoja na mwenyewe na ruhusa zake. Niliipiga, na folda ya pili ikajitokeza: drwxr-x---. Ilikuwa folda ya nyumbani ya fundi aliyetangulia. Diski ya zamani ilikufa, akaweka mpya na Ubuntu mpya, akaurudisha ukurasa pale pale ulipokuwa zamani, ndani ya /home. Zamani ulifanya kazi. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu inatengeneza folda za nyumbani kwa ruhusa 750 badala ya 755, na 750 haimwachii mtu baki hata herufi moja. Ni badiliko zuri, sina ugomvi nalo. Nyumba ya mtumiaji haikuwa mahali pa kuweka ukurasa wa umma tangu mwanzo.

Kilichonichekesha kidogo ni kwamba folda ya mwisho kabisa, yenye ukurasa wenyewe, ilikuwa 777. Kijana wa mapokezi alikuwa ameuliza kwenye kundi la WhatsApp, na jibu la kundi, kama ilivyo ada, likawa chmod 777, yaani ruhusu kila mtu kila kitu. Akaipiga, 403 ikabaki palepale. Bila shaka ingebaki, kizuizi kilikuwa folda mbili juu yake.

Ushauri huo wa 777 unanikera kuliko kosa lolote la seva. Unampa kila mtumiaji na kila programu kwenye mashine ile uwezo wa kuandika upya ukurasa ambao wageni wanauamini kwa namba za vocha, majina na namba za simu. Programu moja dhaifu ikivunjwa, ukurasa unabadilishwa, na mgeni hataona tofauti. Na mara nyingi hata hautibu. Unapotibu ndio mbaya zaidi, kwa sababu hakuna atakayerudi kuurekebisha. Niliuhamishia ukurasa /var/www, folda nikazipa 755, mafaili 644, na lile faili moja lenye nywila ya hifadhidata ya vocha nikalipa 640, mwenyewe root (mtumiaji mkuu), kundi www-data. Wenye seva za ukoo wa Red Hat, Linux za aina nyingine, wana jambo la ziada: ukihamisha mafaili kwa mv yanakuja na lebo za SELinux, ulinzi wa ziada juu ya ruhusa za kawaida, za kule yalikotoka, na 403 inaendelea ingawa ruhusa zote ziko sawa kwa macho. Zitazame kwa ls -Z, uzirudishe kwa restorecon -R. Usizime SELinux.

Karani akajaribu, ukurasa ukatokea, akaandika vocha, akapita. Mama akaagiza chai. Kabla chai haijafika, dereva mmoja akashuka ngazi na 403 yake.

Hapa ndipo sehemu ngumu ilipoanzia. Kosa la wote ni jepesi; kosa la baadhi linazaa nadharia. Ndani ya muda mfupi mapokezi pale kulikuwa na wataalamu wengi. Mmoja alisema vyumba vya juu ndivyo havipati. Mwingine alisema ni simu za Android tu, mpaka mtu mwenye iPhone alipoonyesha yake. Kijana wa mapokezi aliona ni vocha zilizochapwa mchana ndizo mbovu. Kila nadharia ilikuwa na mashahidi wake wa kweli.

Logi haikuwa na nadharia. Safari hii msimbo ulikuwa AH01630, na maana yake ni kwamba mteja amekataliwa na mipangilio ya seva yenyewe. Hapakuwa na suala la faili wala folda. Mtu aliandika kwenye mipangilio kwamba watu wa aina hii wasipite. Nikawaomba waliokataliwa na waliopita wanionyeshe anwani za IP za simu zao, zinapatikana kwenye maelezo ya mtandao wa waifai. Waliopita walianza na 192.168.8. Waliokataliwa walianza na 192.168.9, na mmoja 192.168.10.

Nikafungua faili la mipangilio. Mstari ulisema Require ip 192.168.8.0/24.

Ukishaujua mstari huo, hadithi yote inajisoma. Zamani mtandao wa gesti ulikuwa /24, yaani anwani 254 za kutumia. Kwa gesti ya ukubwa ule zingetosha, ila muda wa kushikilia anwani uliwekwa mrefu mno, kwa hiyo mgeni aliyeondoka alfajiri kwenda Masasi aliendelea kuhesabiwa kama yumo. Msimu ukikolea, anwani zilikuwa zinakwisha na wageni wapya hawapewi kitu. Fundi alipoweka diski mpya akaamua kutibu na hilo: akapanua mtandao kuwa /22, anwani 1022, tangu 192.168.8 hadi 192.168.11. Uamuzi wa busara. Kisha akarudisha mipangilio ya Apache kutoka kwenye nakala ya zamani, ambayo haikujua kwamba mtandao umekua. Waliofika mapema walipata anwani za mwanzo wakapita. Waliochelewa walipata za mbele wakakataliwa. Waliochelewa wengi walikuwa wamepewa vyumba vya juu, kwa kuwa vya chini vilikuwa vimejaa, na vocha zao zilichapwa mchana. Kila shahidi alikuwa amesema kweli.

Marekebisho ni herufi chache: /24 ikawa /22, nikakagua kwa apachectl configtest, nikaipakia upya seva bila kuizima. Muda wa kushikilia anwani nikaupunguza ukawa wa saa chache. Kuna watakaosema ningeandika tu Require all granted nikalala. Ule mstari haukuwekwa kwa uchoyo. Kwenye seva ile ile kuna ukurasa wa kuchapa vocha, na hutaki mtu aliye upande wa nje aufikie. Ukurasa wa wageni uruhusu mtandao wote wa wageni. Ukurasa wa kuchapa vocha uruhusu kompyuta ya mapokezi peke yake. Nilivitenganisha. Na kama maelekezo unayoyafuata yana mistari ya Order allow,deny, yafunge utafute mengine: hiyo ni lugha ya Apache ya kabla ya 2.4, iliyotoka 2012, na kuichanganya na ya sasa ni njia ya haraka ya kujipatia 403 usizozielewa.

Zipo nyingine ambazo hazikutokea usiku ule lakini huku kwetu hutokea sana, nizipitie haraka. Ya kwanza ni saa ya kompyuta. Mtwara ndiko gesi ya Mnazi Bay inakotoka, na umeme bado unatukatikia. Kompyuta ndogo yenye betri ya saa iliyokufa, au isiyo nayo kabisa kama Raspberry Pi, inaweza kuamka ikiwa na tarehe ya zamani, na hapo seva inaweza kukataa vocha halali kwa kuwa kwa hesabu yake muda wake haujaanza. Piga amri ya date kabla ya kumlaumu mtu. Ya pili iko kwenye simu ya mgeni: Android tangu toleo la 9 ina DNS ya faragha (DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani), na aliyeiwekea jina la mtoa huduma maalumu anaweza asiuone ukurasa wa lango mpaka aizime kwa muda, kwani simu inaweza kusisitiza kumuuliza mtu ambaye lango bado halijamruhusu kumfikia. VPN, programu inayopitisha mawasiliano yote kwenye njia yake ya siri, ikiachwa imewashwa inaweza kufanya yale yale. Hao hawapati 403, hawapati chochote, na tofauti hiyo peke yake inakueleza usipoteze muda kwenye seva.

Kilichobaki kilikuwa yale maneno yaliyomuudhi karani. Seva inasema ukweli wake, lakini kwa mtu aliyelipa ni matusi. Apache inakubali umpe maneno yako kwa ErrorDocument 403, na hapa kuna mtego mzuri. Ukiielekeza kwenye ukurasa wa HTML ulioko ndani ya eneo lile lile lililofungwa, mgeni aliyekataliwa anakataliwa pia kusoma barua ya kumweleza kwamba amekataliwa, na Apache inaongeza sentensi ya pili kukiri kwamba ilipata 403 nyingine ilipokuwa ikijaribu kuionyesha ile ya kwanza. Dawa ni kuyaandika maneno yenyewe kwenye mstari wa mipangilio, ndani ya alama za kunukuu, bila faili lolote.

Niliandika: "Tatizo liko kwenye mtambo wetu, vocha yako ni nzima. Tafadhali tuonyeshe ujumbe huu mapokezi." Mama akavaa miwani, akausoma, akasema hauna adabu, unaanzaje na tatizo kabla ya kumkaribisha mtu. Kwa hiyo sasa unaanza na "Karibu mgeni wetu", halafu tatizo, halafu namba ya simu ya mapokezi, ambayo kijana aliomba isiwekwe na mama akaiweka.